Nani Amekata Kikombe cha Ua Langu?

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Matiliku.
Leo mimi ni mtu mkubwa! Mama Edith, yule mmishenari mzee wa Mbooni anayerudi kwao, amenipa dafodili. Ua la Ulaya, la manjano, mbegu aliyorithi kwa nyanya yake mzaa mama! Liko ndani ya mkebe, tayari lina tumba. Akanionya nisiliguseguse. Akaanza kueleza habari ya kikombe cha ua hilo, lakini nilikuwa nimeshapanda baiskeli. Jumapili ni sikukuu ya mavuno. Ua zuri kuliko yote huwekwa mimbarini. Miaka minne sasa ni waridi la jirani yangu Kalunde. Atajua!

Jumanne, 6 Agosti.
Nimepata picha ya dafodili kwenye kalenda ya zamani. Katikati kuna kikombe kirefu kama tarumbeta! Nimeibandika ukutani. Mke wangu Syokau ameuliza kama ua hilo linaliwa. Nimemwambia haliliwi. Akaenda zake.

Alhamisi, 8 Agosti.
Limechanua! Mungu wangu! Kikombe hakipo! Petali sita, sawa. Katikati, kitu kidogo kama kifungo cha shati. Kimekatwa! Na nani hapa ana makasi makali? Kalunde, fundi wa nguo! Jana alipita akanisalimia mara mbili. Mtu asiye na kosa husalimia mara moja.

Ijumaa, 9 Agosti.
Nimemshtaki kwa Pasta Musembi. Kalunde ameitwa mbele ya wazee wa kanisa. Amelia, akaniita kwa jina la mwanangu: "Baba Nthenya, watoto wako wamelelewa na mimi, leo nikate ua lako?" Sikujua niangalie wapi. Lakini hata mwizi hulia. Wamemsimamisha kuimba kwaya mpaka ukweli ujulikane.

Jumamosi, 10 Agosti.
Nimetengeneza kikombe kipya. Karatasi ya manjano, gundi ya unga wa ngano. Kirefu kushinda cha kalenda! Syokau anasema ni kama kuku aliyevaa kofia. Wivu umeingia mpaka nyumbani.

Jumapili, 11 Agosti.
Aibu! Mama Edith alikuja kuaga kanisa. Alipoona ua langu akapiga kelele. Nikadhani ni furaha, nikainama kupokea sifa. Akang'oa kikombe changu, petali mbili zikatoka nacho! Akatangaza kwamba ua la aina hii, tangu enzi za nyanya yake, kikombe chake ni kidogo. Ndiyo fahari yake! "Nilikuambia, Kivuva!" Kisha waimbaji wa sauti ya nne ya kwaya, ile nzito, wakaanza kucheka, na wote wakafuata. Kalunde peke yake hakucheka. Hiyo ndiyo ilinichoma. Nilisimama nikamwomba msamaha, sauti ikatoka kama ya mbuzi. Amerudishwa kwaya. Waridi lake limeshinda. Mara ya tano!

Jumatatu, 12 Agosti.
Sijawahi kushangaa hivi. Kalunde alikuja asubuhi, akasema amenisamehe. Akanipa kijiti cha waridi lake lenyewe nipande! Akanionyesha upande wa kuingia ardhini na upande wa kubaki juu, akarudia nisikosee. Tangu chai ya saa nne nafikiria. Mtu niliyemliza mbele ya wazee ananipa waridi la ushindi? Hivi hivi tu? Huyu anataka nipande vibaya!
Nimekipanda kichwa chini. Hanipati.