Transfoma na Udongo wa Asilimia Sitini

Jumatatu, 27 Januari

Leo nimenunua akili. Imo ndani ya boksi, inatumia betri moja. Eugene mwenye duka la pembejeo hapa Kakamega mjini ameapa kwamba haidanganyi. Ni kipima unyevu wa udongo. Unachoma ardhi kwa ncha yake, unasubiri sekunde kumi, namba inatokea kwenye kioo. Asilimia! Mimi Titus na asilimia ni ndugu. Nilianza maisha na toroli moja, leo nina kisiagi cha mahindi chenye injini mbili, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Namba ndizo zilizonishika.

Eugene aliniuliza nalima nini. Nikamjibu kwamba silimi, nina fahali. Akaniuzia betri ya ziada.

Niandike chanzo cha uchungu wangu, nisije nikasahau (sitasahau). Fahali wangu Transfoma ameshindwa mara mbili na Tingatinga, fahali wa jirani yangu Lusweti. Mara ya kwanza alikimbia akapitia juu ya meza ya mama wa mandazi. Mara ya pili hata hakukimbia. Alimwangalia Tingatinga, akaniangalia mimi, akaenda nyumbani kwa njia ya mkato. Mbele ya ngoma za isukuti na kijiji kizima! Lusweti akauliza kwa sauti, ati kwani hii transfoma imeibiwa oili? Waliocheka walikuwa mia mbili na arobaini. Niliwahesabu.

Sasa mke wangu Ayuma ametoa hukumu. Pigano lijalo ni Jumamosi ya tarehe nane Februari. Transfoma akishindwa mara ya tatu, anaenda kwa Weldon wa bucha. Ati Baba Tracy, ng'ombe ambaye hakamuliwi, halimi, wala hapigani, huyo ni nyama inayotembeatembea.

Haiwezekani. Mama yake alikufa Transfoma akiwa ndama wa wiki tatu. Nilimnyonyesha kwa chupa ya soda. Mimi, na hizi ndevu!

Jumanne, 28 Januari

Siku ya hesabu. Asubuhi nilienda kwa Lusweti kumsifu Tingatinga. Nikamsifu shingo, nikamsifu kifua, na katika kumsifu kifua nikamzungushia kamba ya kukadiria uzito. Lusweti alifurahi hadi akanishikia kamba upande wa pili. Matokeo: kilo 610. Transfoma ana kilo 430. Tofauti ni 180, yaani mimi na Ayuma tumekaa juu ya mgongo wake na bado kuna mwanya wa mbuzi. (Ayuma asisome hapa.)

Lakini sikilizeni. Penye udongo mkavu, mzito hushinda. Penye tope, mzito huzama! Na Tingatinga ana tabia moja. Huingia uwanjani kila mara kutoka upande wa goli lililo karibu na kijito, na hukita miguu ya nyuma mahali pamoja, hatua kumi na mbili mbele ya goli. Leo nimepapima. Asilimia 11. Simenti! Mvua haijanyesha tangu Krismasi. Nikipafikisha sitini, kipande cha hatua sita kwa nne, miguu itateleza na Tingatinga atakaa chini kama mzee kwenye baraza.

Tatizo: nitamwagiliaje uwanja wa watu mchana kweupe? Jibu: kwa sifa. Nilienda kwa Mzee Philip, mwenyekiti wa kamati ya mafahali, nikamwambia moyo wangu unauma kuona vumbi la uwanja likiwakohoza wapiga isukuti. Nitamwagilia mwenyewe, bure, nikianzia pale karibu na goli. Mzee Philip alivua kofia. Ati kumbe huyu kijana alikuwanga na moyo na sisi hatujui!

Jumatano, 29 Januari

Madebe tisa ya maji kwa toroli. Nikapima. Sufuri.

Madebe tisa mengine. Sufuri! Ardhi ya ukoo wetu inakunywa kuliko wajomba zangu.

Madebe tisa tena. Sufuri kabisa. Nikampigia Eugene simu, nikamwambia ameniuzia takataka na nitamtangaza hadi Butere. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, kwa adabu nyingi sana, kama nilikuwa nimetoa kifuniko cha plastiki kwenye ncha.

Mtandao ulipotea hapo hapo. Upande wangu.

Baada ya kutoa kifuniko: asilimia 94. Mwalimu mmoja alikatiza na pikipiki akakwama hadi kwenye ekseli. Nilimsaidia kuisukuma. Akanishukuru! Tunasubiri ikauke.

Ijumaa, 31 Januari

Imeshuka hadi 63. Sasa mkono umeizoea mashine na siwezi kuuzuia. Nimepima shimo la taka: 40. Pua ya Transfoma: 88, ishara ya afya. Obusuma ya Ayuma, ugali wa kwetu, ilipofika mezani, nikaichoma nayo pia. 71! Nikamwambia kwamba kwa maoni ya kitaalamu angepunguza maji.

Nimekula nje. Ati mtu anayechoma chakula cha mkewe kama anayetafuta bomba lililopasuka, akale na mafundi wenzake. Nje palikuwa na asilimia 9.

Jumapili, 2 Februari

Aibu na ushindi kwa pamoja. Mzee Philip alisimama kanisani akanitaja jina. Ati mfano wa kuigwa. Watu walinipigia makofi, nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Lakini bora ni kilichofuata. Nje ya kanisa Lusweti alinishika mabega yote mawili. Omwana wefwe, mtoto wetu, akaniambia, tangu lini unabeba mzigo wa jamii peke yako? Yeye ana mkokoteni wa punda na pipa la lita mia mbili. Kuanzia kesho ataleta maji kila asubuhi, nimwonyeshe tu pa kumwaga.

Nikamwonyesha! Hatua kumi na mbili mbele ya goli. Ilibidi nikohoe kwa muda mrefu ili nisicheke. Lusweti akasema ona, hilo vumbi limeshamuumiza.

Jumanne, 4 Februari

Hesabu mpya. Kama mzito huzama, basi mwepesi huelea. Kwa nini nisimwongezee Transfoma wepesi? Kuanzia leo nimempunguzia majani ya nepia theluthi moja. Alilitazama fungu lake, akanitazama, kama nyumba iliyokatiwa stima katikati ya habari.

Ayuma anasema namtesa. Nikamwambia kwamba namwokoa. Hajui namba huyu mama.

Kumbuka: kwenye kile kipande kumeanza kuota nyasi. Changa, kijani, urefu wa inchi moja. Zinapendeza. Tena zinafunika tope, Lusweti asije akashuku. Hata udongo uko upande wangu.

Alhamisi, 6 Februari

Unyevu: 60. Nyasi: inchi tatu. Uwanja wote ni rangi ya biskuti, pale tu ndipo penye kijani kama meza ya harusi.

Zipporah wa kando ya barabara alikuja akivuta mbuzi wake, akaomba amfunge hapo kidogo. Nikamfukuza. Akaenda, lakini si kimya. Ati mwanangu, kama mbuzi wangu ameziona hizi nyasi kutoka barabarani, ng'ombe ataziona kutoka Mumias. Nikamwambia mambo ya kiufundi ayaachie mafundi.

Jioni Weldon wa bucha alipita na baiskeli yake. Alinisalimia mimi, macho yakiwa kwenye paja la Transfoma. Akalalamika! Ati mbona nyama yake inapungua, namharibia mali. Mali yake! Nikamwambia vita vya panzi ni furaha ya kunguru, lakini safari hii kunguru atalala njaa. Akajibu kwamba mwenye njaa anaonekana, na si kunguru.

Ijumaa, 7 Februari

Transfoma amekula ufagio. Na nusu ya kamba yake. Na kalenda iliyokuwa imetundikwa kwenye mlango wa kisiagi, kuanzia Machi hadi Agosti. Hasira inapanda! Fahali mwenye njaa ni fahali mwenye hasira, kila mtu anajua.

Nilikaa naye kidogo. Nikamkuna nyuma ya sikio mahali anapopapenda. Nikamweleza mpango, hatua kwa hatua. Alilamba mkono wangu, akajaribu kula saa.

Jumamosi, 8 Februari

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, isukuti zinalia, uwanja umejaa pande zote. Weldon kasimama mstari wa mbele na kamba begani. Ayuma yuko karibu naye, mikono kifuani. Nikapima mara ya mwisho. 60. Sitini kamili! Niliibusu mashine mbele za watu.

Tingatinga akaingia kutoka upande wa goli, kama kawaida. Transfoma nikamwachilia kutoka upande wa barabara. Akainua kichwa. Akanusa upepo. Kisha akatoka mbio ambazo sijaziona maishani mwangu! Watu wakapiga mayowe. Kina mama wakapiga vigelegele. Lusweti akarudi nyuma hatua mbili. Tingatinga mwenyewe akarudi nyuma hatua mbili, miguu ya nyuma ikaingia kwenye kipande changu, ikateleza! Kama nilivyohesabu! Nilipiga kelele kwamba hesabu ni hesabu!

Transfoma akampita.

Akampita kama mtu anavyopita mlango wa kanisa akielekea hotelini. Akafika kwenye nyasi. Akainamisha kichwa. Akaanza kula.

Tingatinga akageuka polepole. Akamkazia macho. Akapiga kwato chini. Akashusha pembe, akamwendea, nami nikafumba macho na kumwona yule ndama wa chupa ya soda. Nilipofumbua, Tingatinga naye alikuwa anakula, upande wa pili.

Walikula dakika kumi na saba. Pembe kwa pembe, kama maharusi kwenye keki. Isukuti zikanyamaza moja baada ya nyingine. Halafu kicheko. Waliocheka sikuwahesabu. Kuna namba ambazo mtu hazihitaji.

Kamati ilijadiliana kando. Mzee Philip akatangaza kwamba anayeshindwa ni anayegeuza mgongo na kukimbia, na hakuna aliyekimbia. Kuhusu kula, sheria haisemi kitu. Kwa hivyo ni sare, warudiane tarehe nane Machi. Akaongeza kwamba wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini wahenga hawakuwa na Titus wa kuwamwagilia.

Lusweti alikuwa amekaa chini, machozi yanamtoka kwa kucheka. Ati siku zote nasikia fahali wakipigana ziumiazo ni nyasi. Leo nyasi zimekwisha zote na hakuna hata aliyekohoa!

Weldon alikunja kamba yake, akapanda baiskeli.

Tulipofika nyumbani, nilimwona Ayuma akimpelekea Transfoma fungu zima la nepia, mikono miwili. Akamwambia, ati wewe na Baba Tracy, mwenye akili kidogo ni wewe. Nilijifanya natafuta spana.

Jumapili, 9 Februari

Nimetajwa tena kanisani! Ati mpatanishi. Ati ameleta amani mpaka kwa wanyama. Mtu amepanga siku kumi na mbili kumwangusha fahali wa jirani, anaitwa mpatanishi! Lusweti alinikumbatia. Kamati imenipa kazi rasmi ya kumwagilia uwanja, na Lusweti ameahidi kuendelea na pipa lake.

Sikukata tamaa. Nilikaa mchana na kalamu. Mahali palikuwa sawa. Unyevu ulikuwa sawa, na miguu iliteleza, nina mashahidi. Kosa ni moja tu, dogo. Mmea!

Nyasi ni tamu. Hapo ndipo tulipoharibu. Sasa kile kipande nitakipanda pilipili, ile ndogo kali ya kutoa machozi. Tingatinga ameshazoea kula pale. Tarehe nane Machi atakuja mbio, atatafuna mdomo mmoja, atageuza mgongo na kukimbia hadi Kisumu. Kukimbia! Sheria inasema wazi.

Nimempigia Eugene leo leo, ingawa ni Jumapili. Aliniuliza tena nalima nini. Nikamjibu kwamba nalima pilipili. Alifurahi sana, kama mtu aliyekuwa na wasiwasi na mimi. Miche iliyokwisha kukua iko kwake, na inapenda unyevu wa asilimia sitini. Sitini! Nilikuwa nayo tangu mwanzo!

Transfoma nimempunguzia theluthi tena, ili asizame. Ayuma asijue. Najua kwa njaa hiyo atafika kwenye pilipili kabla ya Tingatinga. Lakini hatagusa. Nimekaa naye jioni hii, nikamweleza mara mbili, polepole.