Moto Ukishashika, Plagi ya Nini?

Jumatatu, 4 Machi 1974. Busia.

Mkwe wangu, Mzee Omoding, amefariki jana katika hospitali ya hapa mjini, alikoletwa juma lililopita. Nimehuzunika kweli. Katika ukoo mzima wa mke wangu, ni yeye peke yake aliyekuwa akicheka nikieleza mipango yangu. Sasa nimebaki na wasiocheka.

Apeduno, mke wangu, yuko kwao Adungosi tangu Krismasi, pamoja na binti yetu Nerima. Alikwenda kumuuguza baba. Ndivyo alivyowaambia kwao. Mimi najua alikwenda kwa sababu ya kuku. (Niliwalisha machicha ya pombe ya busaa wanenepe haraka. Walinenepa. Kisha wakafa wote.) Leo ametuma neno kupitia kaka yake: nikijiheshimu mazishini, atarudi nami nyumbani. Nikileta aibu, basi.

Kaka mwenyewe ni Emukule, karani, mwenye pikapu ya Pijo. Yeye atabaki Adungosi kusimamia kaburi na wageni. Mimi ndiye nitakayelipeleka jeneza siku ya Ijumaa. Alinipa ufunguo kama mtu anayemkabidhi fisi mbuzi. Akasema ametia plagi mpya zote nne, na nisiguse kitu chini ya boneti. Dharau hiyo! Nilimsamehe kwa ajili ya marehemu.

Jumanne, 5 Machi.

Sina nguo ya mazishi. Shati moja, na kola yake imechoka. Emukule atavaa suti. Watu watalinganisha.

Dukani kwa Jamiru, muuza spea karibu na mpaka, kuna koti jeusi nyuma ya mlango. Amesema koti hilo haliuzwi kwa shilingi. Anataka plagi. Wateja wake wa ng'ambo wanazitafuta Uganda nzima kama dawa ya mtoto, na yeye zimemwishia. Plagi mbili mpya, koti langu.

Nikarudi na mandazi yaliyofungwa kwa karatasi ya gazeti la zamani. Mungu hufundisha kwa njia nyingi. Kwenye karatasi ile, picha ya gari lenye injini ya ndege, lililovunja rekodi ya mwendo huko Marekani kwenye uwanda wa chumvi. Imeandikwa kwamba plagi ya injini ile hutoa cheche wakati wa kuwasha tu. Moto ukishashika, unajiendea wenyewe kwa mafuta na upepo. Plagi inapumzika.

Nilikaa chini. Gari la ajabu namna ile linahitaji cheche mwanzo tu, halafu Pijo ya Emukule iende hapo Adungosi na plagi nne zikihangaika njia nzima? Huo ni ubadhirifu.

Mimi si mtu wa kubahatisha. Niliwasha pikapu, nikachomoa waya wa plagi moja. Injini ilitetemeka lakini haikuzima. (Umeme ulinipiga mpaka kwenye kiwiko.) Imethibitika.

Jumatano, 6 Machi.

Nimefungua plagi mbili, nimempa Jamiru. Mahali pake nimetia mbili kuukuu kutoka debe lake la vyuma vibovu. Jamiru aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamweleza habari za uwanda wa chumvi. Akauliza kama huko kuna vilima. Watu wa duka hawana upeo.

Koti linapendeza. Mikono ni mifupi kidogo, lakini nikifumbata mikono kifuani haionekani.

Ijumaa, 8 Machi. Adungosi.

Sijui nianzie wapi.

Tuliondoka baada ya maombi. Jeneza nyuma, wazee pembeni yake, wanawake wakiimba. Mama mkwe naye alikuwa nyuma, na kwa desturi mimi na yeye hatutazamani usoni, kwa hiyo sikuweza kugeuza kichwa hata mara moja. Apeduno, aliyekuja mjini na wazee kumchukua baba yake, alikaa mbele nami. Aliliona koti. Akasema limenikaa. Moyo wangu ulijaa.

Injini ilikohoa tangu mjini. Nilijua moto ukishashika itatulia. Haikutulia. Kwenye kilima kabla ya Adungosi ikazima kabisa, na wimbo nao ukakatika.

Nikazungusha ufunguo. Kimya. Mdogo wake marehemu akashuka taratibu, akaweka mkono juu ya jeneza.

"Omoding amekataa kwenda," alisema. "Kuna mtu amemkosea. Aseme sasa, tumpeleke ndugu yetu nyumbani."

Kwetu hakuna asiyelijua jambo hili: marehemu aliyekosewa haendi mpaka mkosaji akiri. Nilikuwa tayari kutaja plagi, kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Lakini Emukule, aliyekuja kutulaki kwa baiskeli, alitangulia kupiga magoti. Alikiri kwamba aliuza fahali wa baba yake wakati mzee akiwa kitandani, akamdanganya kwamba fahali amekufa kwa ugonjwa. Alilia sana. Nikafunga kinywa. Si adabu kumkatiza mtu anayelia.

Akafuata Apeduno.

"Baba, sikuja kukuuguza tu," alisema. "Nilikuwa nimemkimbia Baba Nerima. Ulijua, na ukanyamaza. Nisamehe, twende nyumbani."

Nami nililia, na haukuwa ujanja. Kumbe mzee alijua habari za kuku, na bado alikuwa akinichekea vilevile. Nitamkosa sana.

Zamu yangu ilipofika nilimwambia marehemu kwamba anajua nilichofanya, na naomba iwe siri yetu wawili. Watu wakaitikia amina.

Ufunguo tena. Kimya tena. Wanaume wakasukuma mpaka juu ya kilima. Kutoka pale pikapu ikateremka yenyewe bila sauti yoyote hadi kwenye boma la mzee, waombolezaji wakiifuata nyuma. Wazee wanasema hawajaona mtu akirudi kwake kwa utulivu namna ile.

Jumapili, 10 Machi. Adungosi.

Tulimzika jana. Hakuna aliyefungua boneti. Nani atatafuta kosa kwenye injini, na kosa limeshapatikana kwa fahali? Asubuhi pikapu imewaka, inakohoa, na Emukule anasema hata yenyewe inaomboleza. Ameniachia nirudi nayo Busia kesho pamoja na familia yangu.

Apeduno amekubali. Alinifuata kando ya kaburi akasema polepole.

"Nitarudi, Baba Nerima. Lakini nikikwama njiani na wewe tena, nitashuka, nimshike mtoto mkono, turudi kwa mama kwa miguu."

Nimemwapia hapo hapo, mbele ya baba yake.

Mchana Jamiru amekuja kuhani msiba, na nyuma ya baiskeli yake kuna viatu vyeusi, saizi yangu. Wateja wake bado wanalilia plagi. Nimefikiri kwa makini. Wakati wa kuja kulikuwa na kilima, kwa hiyo wakati wa kurudi ni mteremko, na mteremko hauhitaji plagi hata moja, sote tuliona Ijumaa. Apeduno anastahili kurudishwa nyumbani na mwanamume mwenye viatu. Jamiru ananingoja nyuma ya jiko, na spana ninayo.