Kuhusu Maiti Wanaochukuliwa Dukani Kwangu

Kwa Mwenyekiti wa Chama cha Wapenda Kofia, ambaye pia ni shemeji yangu,

Salamu. Nakuandikia kama fundi, si kama shemeji, kwa hiyo tafadhali usimpe dada yangu barua hii akusomee, maana atailainisha. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nimevumilia na bado naletewa mbichi.

Sisi mafundi wa kofia tuna lugha yetu, safi na isiyomdhuru mtu. Ukingo ni ukingo. Bitana ni bitana. Kichwa ni lile gogo la mbao tunalolivalisha kofia ili ipate umbo, na kunyonga ni kukaza kamba ili umbo lisipotee. Hata mtoto anaelewa. Wanachama wako wameyatupa maneno haya wakaleta misimu yao, na matokeo ndiyo haya:

1. Ukingo wanauita baraza. Mtu mzima mwenye ndevu zake aliniambia nimpanulie baraza kabla ya Ijumaa. Kwa utiifu nikamwita mwashi, akavunja ngazi za duka. Mwenye nyumba alikuja kuuliza, na mpaka leo anaingia kwa kuruka.

2. Kofia inayobana wanaiita mama mkwe. Mhazini wako aliingia akasema mama mkwe huyu amemchosha, nimchemshe kidogo alegee. Mama mkwe wangu mimi alikuwa ameketi pale pale, kikombe mkononi. Siku hizi anakunywa chai kwa jirani, na mke wangu ananijibu kwa kukohoa.

3. Hili ndilo linaloniuma. Kofia iliyotulia kichwani bila kutikisika wanaiita maiti. Wanapiga hodi wakiuliza kama maiti wao amekauka, na kama wanaweza kumjaribu mbele ya kioo. Kinyozi wa mlango wa pili ameanza kuwapa pole. Mwenye nyumba naye amesikia, na amesema nisipomwondolea wasiwasi, nihame. Shemeji, marehemu baba alinifundisha kazi katika chumba hiki. Sijui kushona mahali pengine, na naogopa.

Kwa hiyo naomba chama kipige marufuku misimu mara moja. Kila mwanachama afanye mtihani wa istilahi mbele yangu, na atakayefeli atembee kichwa wazi hadi akili imrudie. Wewe utangulie, kwa kuwa ndiwe mwenyekiti. Mwenye nyumba akija, mimi nitamweleza kwa lugha ya ufundi, na yatakwisha.

Nisalimie dada, watoto, na yule shangazi yenu anayedai kofia huleta upara. Mwambie upara ulitangulia.

Wako katika sindano na uzi,
Fundi Kofia

Nyongeza: Mwenye nyumba amekuja kabla sijafunga bahasha. Nimemweleza kwa istilahi kamili, bila msimu hata mmoja. Nimemwambia hapa hakuna maiti. Katika chumba cha nyuma kuna vichwa vya wateja tu, kila kimoja kimeandikwa jina, na cha shemeji yangu nimeshakipiga mvuke na sasa nakinyonga. Ameruka zile ngazi zilizovunjwa bila kuziangalia. Shemeji, nakuomba uje upesi, wewe na chama kizima, mumwambie kwamba ni maiti tu. Hao alikuwa ameanza kuwazoea.