Vidonge vya Petroli na Samaki wa Mama Olipa

Jumatatu, 4 Machi 1974. Nchelenge.

Petroli imepanda bei tena. Pale kwenye pampu wanatoa galoni nne kwa gari, halafu wanafunga mlango. Wakubwa wa dunia wamegombana, anayeumia ni mimi, Valère, mwalimu wa zamani wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, mwenye pikapu moja na mke mmoja. Nimemwandikia mhariri wa gazeti kurasa sita kuhusu jambo hili. Barua ya tisa tangu Krismasi. Hajajibu. Mwoga.

Pigo la pili limekuja saa nne. Mama Olipa, ambaye samaki wake wa kukausha wamelilisha gari langu miaka mitatu, amesema petroli ananunua yeye na amechoka. Jumamosi mimi na Lackson, dereva mwenzangu, tutabeba mizigo iliyo sawa hadi Kawambwa na kurudi. Atakayetumia galoni chache atabeba samaki wake msimu mzima.

Lackson ana kigari cha Kijapani kinachokunywa kama kuku: tone moja, kisha kinatazama juu. Langu linakunywa kama mgeni wa matanga. Nikishindwa, gari litalala, nasi tutarudi Pweto kuomba chumba kwa shemeji. Shemeji husali dakika ishirini kabla ya kula, jicho moja likiwa kwenye sahani ya mgeni.

Jumanne, 5 Machi.

Mungu yupo. Dominique, mchuuzi anayevuka ziwa na bidhaa zake, ameniletea dawa ya petroli. Vidonge vyeupe vya mviringo, thelathini, ndani ya chupa. Unatia viwili katika tangi, petroli inaungua yote, galoni tatu zinafanya kazi ya nne. Tena moshi unatoka safi kama pumzi ya mtoto.

Mimi si mtu wa kudanganywa. Niliwahi kumwaibisha mtabiri wa nyota mbele ya parokia nzima. Nikamwuliza Dominique maswali matatu makali. Akayajibu yote kwa Kifaransa, tena Kifaransa cha kitabuni, bila kosa hata moja. Nikampa saa yangu ya mkono.

Sasa sijui ni saa ngapi. Najua njia.

Jumatano, 6 Machi.

Jaribio la kwanza, la kisayansi. Kwenda Kawambwa bila dawa: galoni mbili na nusu. Kurudi na vidonge viwili: galoni moja. Nimerudia hesabu mara tatu. Nimelia kidogo.

Nikaenda sokoni Kashikishi kuwatangazia watu. Lackson alikuwa ameegemea kigari chake, anakula muwa. Akaniuliza kama nimesahau kwamba Kawambwa iko juu ya mlima. Akasema hata jiwe linarudi kutoka Kawambwa bila petroli. Akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Akauliza tena kama nilizima injini kwenye mteremko. Nilizima, ndiyo. Kila dereva wa huku huzima. Je, mwanasayansi aendeshe gari tofauti na watu wengine? Hapo hakuna aliyenijibu, maana walikuwa bado wanacheka.

Barua ya kumi kwa mhariri. Kichwa: Ujinga Katika Soko Letu.

Alhamisi, 7 Machi.

Leo ni zamu ya moshi. Nilihitaji kitambaa cheupe kabisa. Agnès, mke wangu, anacho kimoja, kile cha kichwa anachovaa Jumapili na wenzake wa chama cha kanisa. Nikakifunga kwenye ekzosi, nikaacha injini ingurume robo saa, kwa kukadiria, maana saa anayo Dominique.

Kikatoka cheusi. Nikaongeza vidonge vinne. Kikawa cheusi zaidi.

Nikamweleza Agnès kwamba hiyo ndiyo dalili: dawa inafukuza uchafu wa miaka kumi. Akaniuliza kwa upole, Baba Ngalula, na kama kingetoka cheupe? Nikasema hapo ingekuwa dalili kwamba uchafu umekwisha. Upole wa Agnès unaniogopesha kuliko Lackson. Kisha akanusa chupa, akasema harufu hii anaijua, mama yake alikuwa akiitia katika sanduku la vitenge kufukuza nondo. Nikamwambia kemia ni ukoo mkubwa, wengi waliomo ndani yake wanafanana harufu.

Kitambaa amekifua mara nne. Hakitakati.

Ijumaa, 8 Machi.

Pampu kavu. Lackson, mjanja, alijaza tangi jana. Nimekwenda ufukweni kwa Kapembwa, yule wa kisiwa cha Kilwa, humu ziwani, mwenye mtumbwi wa injini. Akaniuliza petroli ni ya nini. Nikamwuliza kama amewahi kumwona mwalimu akiinywa. Akasema sawa, mwalimu, akanijazia madebe.

Nimetia vidonge kumi. Magunia ya Mama Olipa yamepakiwa alasiri. Chupa nimeificha katikati ya magunia, Lackson asije akaiba sayansi.

Jumamosi, 9 Machi.

Naandika kwa sababu hakuna mtu anayezungumza nami.

Niliwasha gari mbele ya soko lote, Mama Olipa akiwa amekaa kando yangu kama shahidi. Moshi ukatoka wa buluu. Soko likapotea. Nilisikia watu wakikohoa, sikuwaona. Humo ndani ya moshi mtu mmoja akauliza mtumbwi huu unafika saa ngapi Kilwa. Kisha sauti ya Kapembwa, yenye huzuni ya kweli: „Mwalimu, ile petroli iko na mafuta ya injini ndani. Ni ya mtumbwi. Mutu gani anatia ya mtumbwi mu gari?”

Huku ziwani hata kitoto hunusa dumu kabla ya kumimina. Mimi nimesoma ensaiklopidia hadi herufi ya R.

Njiani nilisimama mara nne kusugua plagi kwa kisu. Lackson alinipita akipunga mkono taratibu, kama askofu. Mlimani gari likaruka kwenye shimo na nyuma kikasikika kitu kuvunjika. Nilijua ni nini. Niliendelea kuimba.

Kawambwa mnunuzi alifungua gunia la kwanza, akanusa, akamwita mwenzake naye anuse. Wakafungua la pili, wakafungua yote. Mama Olipa akachukua samaki mmoja, akamtafuna polepole, akamtema kwenye kiganja. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Akasema tu: „Valère, hii samaki ni ya kuvaa. Si ya kula.”

Mimi galoni tano. Lackson tatu. Mama Olipa alirudi katika kigari cha Lackson. Amempa msimu wote.

Nyumbani Agnès alifungua sanduku la vitenge, akatoa kidonge cheupe, akakiweka mezani kando ya kimoja cha kwangu kilichosalia mfukoni. Ndugu mapacha. Akafunga sanduku.

Jumapili, 10 Machi.

Sikwenda kanisani. Agnès alikwenda, kitambaa chake kikiwa cha kijivu kati ya vitambaa ishirini vyeupe. Lackson alipita mchana, ameleta ndizi. Akasema anahitaji mtu wa kukaa nyuma na kushika magunia kwenye kona, na kwamba mwalimu hatakosa chakula kwake. Alisema kwa heshima. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikamwambia nitafikiri. Gari liko uani, kuku wawili wamelala juu ya usukani.

Jumanne, 12 Machi.

Nimemkamata Dominique gatini. Nilimkunja shati. Hakukataa lolote. Akaniuliza kwa masikitiko nilitia vingapi, na katika petroli gani. Nilipomwambia, akafumba macho kama daktari. Akasema kosa ni lake: gari kubwa la Kifaransa halitaki vidonge, linataka dawa ya maji. Anayo chupa moja tu, na kuna mtu wa Mununga anaisubiri.

Safari hii nimekuwa makini. Niliifungua, nikainusa kwanza, kama wanavyofanya watu wa ziwa. Hainuki petroli. Hainuki sanduku. Hainuki kitu chochote. Nimeionja pia, haina ladha, na rangi yake haipo kabisa. Sijawahi kuona dawa safi kiasi hiki.

Nimempa baiskeli. Nimepeleka neno kwa Lackson kwamba kazi yake siitaki. Jaribio litaanzia Kawambwa.