Dokta wa Mnanaa

Jumatatu, 2 Juni
Leo nimefanya muujiza! Mzee Angetile, baba yake Ikupa, alivimbiwa tangu jana, tumbo limekaza kama ngoma. (Ikupa nitamwoa mimi. Mzee hajaambiwa.) Nikachuma mnanaa wa bibi, ule mkali wa peremende, nikauchemsha na kufunika sufuria mvuke usitoroke. Mzee akanywa. Kisha akabeua! Kuku wakakimbia. Akanishukuru kwa ndaga fijo, akaniita mwanangu. Mwanangu! Jani dogo vile limeshinda tumbo kubwa vile. Nimelikodolea macho mpaka bibi akauliza kama limeniongelesha.

Jumanne, 3 Juni
Nimeenda Bondeni kumringishia dada Beatrice wa duka la dawa. Hakushangaa! Akanionyesha vidonge vya mafuta ya mnanaa, vya watu wanaosokotwa na tumbo. Kasema yanalegeza misuli ya utumbo, ila mwenye kiungulia asiguse, atazidi kuungua. Akaninusisha kichupa. Mama wee! Pua ikafunguka hadi kisogoni. Kifua baridi, kama nimemeza upepo wa ziwani. Kumbe mimi na viwanda tuna kazi moja! Eliud, muuza mizizi wa Kasumulu, naye anamtaka Ikupa. Alikuwepo, akaniita dokta wa majani ya chai. Wivu tu.

Alhamisi, 5 Juni
Mzee kanikabidhi stoo! Mchele umeshakobolewa, mnunuzi anatoka Mbeya Jumamosi. Kaniambia nihakikishe fukusi hawaingii. Huo si ukwe ni nini? Bibi husema wadudu hawapatani na mnanaa. Nikaponda majani yatoe nguvu, nikayashindilia ndani ya kila gunia. Sikumwambia mtu. Dawa kubwa haipigiwi tarumbeta.

Jumamosi, 7 Juni
Mnunuzi kafika. Kafanya wanavyofanya wote wanaofuata mchele wa Kyela: akachota kiganjani, akausugua, akaupulizia pumzi, akanusa. Akanusa tena. Akamwuliza mzee kama huu ni wa kupika au wa kupigia mswaki. Eliud alicheka mpaka akakaa chini. Mzee akanusa mwenyewe. Mchele wetu, ukiupika jirani anakuja bila kuitwa, unanuka mnanaa mtupu! Gari likaondoka tupu. Mzee hakunipiga. Aliniita "wewe kijana" tu. Bora angenipiga.

Lakini jamani, kikapu kimoja cha majani kimeangusha harufu ya Kyela nzima! Nimevua kofia.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada Ikupa kaninong'oneza nisikanyage kwao mpaka baba apoe. Kasema jana wameula mchele ule, nyumba nzima imebeua kwa raha, na baba kakataza mtu kusifu.

Apoe? Nitampoza mimi. Nyuma ya nyumba yao kakao ya mzee inachachuka kwenye masanduku kabla ya kuanikwa, imefunikwa majani ya migomba. Harufu yake, we! Mnunuzi gani ataivumilia? Kesho wakienda shambani napita na kapu. Mnanaa umebaki wa kutosha.