Mrashi wa Mama na Uso wa Matope

Jumanne, 8 Julai

Joto. Hakuna mgeni tangu asubuhi. Nimekaa kwenye kiti changu cha ulinzi hapa makumbusho, Chumba cha Bahari, sakafu nzima ni mozaiki, picha za vijiwe vya rangi: samaki wanaogelea tangu enzi za Warumi na hawajafika. Mwanga wa dirishani ukisogea, nao wanasogea. Nikasinzia.

Nikaamshwa na Mongi, mlinzi wa chumba cha sanamu. We Hedi, utaota ukungu hapo! Kishada cha yasmini sikioni, meno yote nje. Eti mama yake amepeleka posa kwa Bi Dalila, mkata tiketi wetu. Jibu Jumapili! Nikasema hongera. Neno lilitoka kama mwiba wa samaki. Miaka yote nampenda Dalila, na sijamwambia ila habari za joto.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata! Chumba cha nyuma kuna mozaiki mpya, imechimbuliwa shambani kwenye mizeituni, imelazwa juu ya mchanga kungoja mafundi. Matope yameifunika, yanaonekana macho, pua na mashavu tu. Ni Dalila! Macho yale yale makubwa, ya mtu anayejua umechelewa kazini.

Nilimtazama hadi nikasinzia nimesimama. Nikaota ananiita jina langu, maji yanapanda taratibu mpaka magotini, na samaki wangu wanapita mlangoni kutusalimia. Kushtuka, Mongi amekula brik yangu, sambusa nzima, yai na yote.

Mpango: nimlete Dalila, nimnyunyizie yule bibi maji, rangi ziamke, Dalila ajione malkia. Walinzi wa zamani walifanya hivyo kila siku, na wageni wakipiga makofi. Bi Raja, mkurugenzi, amepiga marufuku. Anasema maji yanapandisha chumvi na vijiwe vinang'oka. Lakini matone mawili matatu, tena kwa ajili ya mapenzi?

Ijumaa, 11 Julai

Mama anauliza mrashi wake wa maji ya maua ya michungwa umekwenda wapi. Nikasema sijui. Umo mkobani mwangu, umefungwa kwenye soksi.

Nimefanyia hotuba mazoezi mbele ya samaki. Wamesikiliza vizuri sana. Kisha nikamwambia Dalila kesho mchana, watu wakijinyoosha, aje chumba cha nyuma amwone mtu anayefanana naye. Akauliza, huyo mtu ni mnene? Nikasema ni uso tu. Akacheka. Haya, kaka Hedi, nitakuja.

Jumamosi, 12 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Alikuja. Nikaanza: uzuri huu, Bi Dalila, umelala chini ya mizeituni ukimngoja mwenzake. Nikanyunyizia. Harufu ya maua ikajaa chumba, rangi zikaamka, yale macho yakang'aa. Ukuta haukuwepo tena, mimi na Dalila tulikuwa tumesimama ndani ya bahari tulivu. Sijawahi kuwa na furaha ile. Nikanyunyizia tena.

Matope yakateremka. Lo! Ndevu! Ndevu za kijani, ndefu, zimechanganyika na mwani. Na kichwani, magando mawili ya kaa! Mungu wa bahari wa Warumi, dume zima!

Nikasema, Bi Dalila, ndevu usizitie maanani. Dalila akakaa chini kwa kicheko, machozi yanamtoka. Mongi akachungulia. Hakucheka. Akatoka mbio kumwita mkurugenzi.

Hukumu: mrashi umechukuliwa. Mimi nimehamishiwa chumba cha taa za udongo. Hakuna dirisha, hakuna samaki. Nililia kidogo.

Jumapili, 13 Julai

Siamini! Dalila amemkataa Mongi! Amesema mwanamume anayekimbilia kwa mkubwa kuwachongea wenzake, kesho atamchongea mkewe kwa mamaye.

Kisha akaja mpaka kwenye taa zangu. Akasema tangu mumewe afariki hajacheka vile. Akanialika kwao leo saa kumi na moja, ninywe chai na mama yake. Njoo mikono mitupu, kaka Hedi, akasema. Usinioneshe tena uso wa mtu mwingine, huu wangu unanitosha.

Nilitembea kama sikanyagi chini. Miguu ikanipeleka yenyewe chumba cha nyuma. Kumbe imeletwa mozaiki ya pili, kutoka shamba lile lile! Matope tele, lakini midomo na kidevu viko wazi, wala hakuna dalili ya ndevu. Midomo ya Dalila kabisa! Safari hii sikubahatisha, nimemuuliza Bi Raja. Amethibitisha ni mwanamke. Aliongeza kitu kuhusu nywele za nyoka na watu kugeuka mawe wakimtazama, sikumsikiliza.

Nimemtumia Dalila ujumbe: chai baadaye, kwanza aje hapa, amlete na mama yake.

Mrashi sina. Nimejaza ndoo.