Mlango Namba 8888

Jumatano, 11 Septemba
Sijawahi kumwambia mtu: ndani ya kompyuta ya duka letu nimeficha maktaba. Riwaya 214. Nimeandika programu ndogo inayozileta kwenye simu yangu, nisome huku nakunja maboksi ya keki za mwezi, zile za sikukuu ijayo. Leo nimeiwasha kwa mara ya kwanza, kabla ya shule.

Jioni: balaa. Programu ya oda iligoma asubuhi. "Soketi haifunguki: anwani inatumika." Hadi Mama alipozima mashine na kuiwasha upya, jikoni walikuwa wanabahatisha. Watawa wa hekaluni, wasiogusa nyama, wamepelekewa keki za nyama ya nguruwe! Babu ameapa: ikigoma Jumamosi, siku ya oda nyingi kuliko zote, tunarudi kwenye karatasi. Mama alimbembeleza Babu miaka miwili hadi akaikubali programu hii.

Alhamisi, 12 Septemba
Asubuhi nilisoma kidogo, nikaenda shule. Oda imegoma tena. Ameitwa Binamu Kuan-ting, msomi wa chuo kikuu, aliyeiweka programu hiyo. Amebadilisha waya. Mama ameweka pakiti ya kijani ya vitafunio juu ya mashine, hirizi ya huku kwetu ya kuifanya itulie. Babu akamuuliza Kuan-ting kama huko chuoni wanafundishwa kuchaji simu tu. Kuan-ting akanigeukia mimi: "Profesa, unacheka nini? Kunja maboksi."

Nimeapa kumshinda.

Ijumaa, 13 Septemba
Nimewahi dukani kuchunguza. Kwanza nikawasha maktaba, kurasa mbili za kujipa moyo. Kisha oda. Imegoma mbele ya macho yangu!

Kila programu husikilizia kwenye mlango wake wenye namba. Kuan-ting aliipa oda 8888, kwa ajili ya bahati, kama angefanya mtu yeyote mwenye akili. Nikatafuta ni nani aliyeukalia. Jibu: "maktaba".

Mimi pia nilichagua 8888.

Nilikaa sakafuni. Mama alikuwa anapanga viini vya mayai vya kujazia keki, macho mekundu. Nikafungua mdomo nikiri. Kuan-ting akaingia akiniambia nitoke kwenye mashine kabla sijaiua kabisa. Nikafunga mdomo, nikazima maktaba.

Jumamosi, 14 Septemba
Imewaka! Oda mia tatu, hakuna kosa. Nimetangaza kwamba nimeitengeneza. Babu amemwambia Kuan-ting kwamba mtoto wa shule amemvua nguo. Mama amejifuta macho kwa aproni.

Baadaye Kuan-ting alinifuata stoo. Hakuniita Profesa. Aliniomba kwa sauti ya chini nimfundishe nilichofanya. Nikasema ni mambo mazito. Niliona aibu, karibu dakika tano.

Jioni nimeihamishia maktaba kwenye mlango 6666. Nayo ni namba ya bahati. Nimeiacha ikiwaka.

Jumapili, 15 Septemba
Printa ya jikoni imegoma. Soketi haifunguki. Babu kanituma mimi, Kuan-ting awe msaidizi wangu. Aliuliza tuanzie wapi. Nikaukumbuka mlango 6666. Nikamwambia tuanze na nyaya. Tumezing'oa zote, tumezifuta vumbi moja moja, tumezirudisha.